Msimlaumu Mchina

Kuna usemi umezoeleka mno siku hizi, barazani, gulioni, hata katika vikao vya watu wenye elimu yao. Kitu kikivunjika kabla ya wakati wake, mtu hutikisa kichwa na kusema, "Si ya Mchina hiyo?" Basi, mazungumzo yameisha. Hakuna anayeuliza kimevunjikaje, nani alikileta, nani alikiuza, wala kilibebeshwa mzigo gani. Mchina amekuwa jibu la maswali yote. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Nimefundisha watoto wa wilaya hii tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, na muda huo wote baiskeli ndiyo iliyokuwa miguu yangu. Naomba basi niupinge usemi huo, na nitaupinga kwa kitu kile kile ambacho wasemaji hukitolea mfano, yaani baiskeli rahisi ya Kichina na vipuri vyake.

Nianze na historia, maana wengi wameisahau. Baiskeli ya kwanza kupata heshima katika sehemu zetu ilikuwa Raleigh, iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza. Makarani wa mashamba ya mkonge ya Korogwe walikuwa nayo, makatekista walikuwa nayo, na mwalimu mwenye Raleigh aliamkiwa shikamoo mara mbili. Lakini Raleigh haikuwa ya kila mtu. Baiskeli niliyoiona ikiingia katika nyumba za wakulima, ikibeba mahindi ya Kang'ata na kuwafikisha wajawazito zahanati, aghalabu ilikuwa Phoenix, na Phoenix inatoka Shanghai. Naam, ni Mchina huyo huyo. Zilikuwapo na nyingine: Hero ya Kihindi kutoka Ludhiana, na Swala ya NABICO, shirika letu wenyewe lililokuwa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, kupata Phoenix mpya kulihitaji kibali, kujuana na subira. Huko China kwenyewe hali haikuwa tofauti sana. Baiskeli zilipatikana kwa kuponi, na kijana aliyetaka kuoa alitazamiwa awe na baiskeli, saa ya mkononi na cherehani. Kwa maneno mengine, Phoenix iligombewa Shanghai kama ilivyogombewa Handeni.

Kwa nini ile ilidumu? Si kwa sababu Wachina wa siku zile walikuwa wacha Mungu kuliko wa leo. Ilidumu kwa sababu ilikuwa baiskeli ya kazi iliyobuniwa kwa kazi. Uzito wake ulikaribia au kupita kilo 20. Gurudumu lake lilikuwa la inchi 28, lenye tairi ya inchi moja na nusu. Mabomba ya fremu hayakugusanishwa tu na kuchomelewa juu juu. Yaliingizwa katika soketi za chuma, yakaungwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Breki zake zilivutwa kwa vyuma, si kwa waya. Haikuwa na gia, kwa hiyo hapakuwa na gia ya kuharibika. Na umbo lake lilifuata baiskeli ya Kiingereza ya siku nyingi, hata fundi aliyekaa chini ya mwembe aliweza kuchukua tairi, mnyororo, spoki au gololi zilizokusudiwa moja akavitia katika nyingine, na mwenyewe akaondoka kabla ya adhuhuri. Wazee wetu waliposifu baiskeli ile, walikuwa wakisifu mambo hayo, hata kama hawakuyataja moja moja.

Kisha mlango ukafunguliwa. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya hapo, katika awamu ya Mzee Mwinyi, biashara ikawa huru zaidi na zaidi. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Aliyewahi kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni hatasema hivyo. Ninachosema ni kwamba tangu siku hiyo aliyechagua baiskeli gani ije Tanzania si serikali ya China wala si yetu. Amekuwa mfanyabiashara. Naye akifika Guangzhou, kiwanda hakimwambii, "Tuna baiskeli." Humwuliza, "Unataka ya bei gani?" Akitaka ya bei ya juu atapata bomba nene, rimu iliyonyooka na gololi ngumu. Akitaka ya chini atapata bomba jembamba kama kopo, spoki laini na gololi zinazosagika kama chumvi. Rangi itakuwa ile ile, na vibandiko vitang'aa kuliko vya ile nzuri. Mchina hakuja Kang'ata kutuuzia kitu. Alitengeneza alichoagizwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti ingekuwa hivyo dukani! Siku hizi kibaya hakihitaji kujitembeza. Kimetundikwa mbele, kina springi mbili, gia nyingi na rangi tatu.

Nitaeleza kisa kimoja, kwa sababu bila hicho nisingeshika kalamu. Mzazi mmoja niliyemfundisha yeye mwenyewe darasa la tano, alipata binti aliyefaulu kwenda sekondari. Tangu shule za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, watoto wetu wengi wamepata nafasi ambazo sisi hatukuwa nazo, na ada ikafutwa mwaka 2016. Lakini kata zetu ni pana, na nyumba ziko mbalimbali. Mtoto anayetembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni hasomi, anasafiri tu. Yule bwana akauza mahindi, akaongeza na mbuzi, akaenda kumnunulia binti baiskeli. Dukani palikuwa na za aina mbili, zote za Kichina: moja nyeusi, nzito, isiyo na madoido, nyingine ya rangi ya waridi, yenye springi mbele na gia nyuma, na bei yake ilikuwa ndogo zaidi. Mwenye duka akamsifia ile ya waridi, akasema ndiyo ya kisasa.

Haikumaliza miezi mitatu. Siku hiyo binti alikuwa amefunga nyuma dumu moja tu la maji, maana Handeni yetu maji ni hadithi ndefu, na mtoto anayepita kisimani harudi mikono mitupu. Akiwa katika mteremko, uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikatika penye kuchomelewa. Binti akavunjika mfupa wa bega na meno mawili. Alikosa karibu muhula mzima.

Nilifuatana na baba yake hadi dukani. Mwenye duka alikuwa mpole. Alinipa kiti, akaagiza soda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nawapa pole sana, lakini wewe mwenyewe unajua, ile ni ya Mchina." Na yule baba, mtu aliyepoteza mbuzi, mahindi na karibu ampoteze mtoto, akaitikia kwa kichwa! Akakubali! Neno hilo moja lilitosha kumtoa muuzaji katika lawama, likamtoa aliyeagiza, likawatoa waliokagua au waliopaswa kukagua, na likamrudisha mnunuzi nyumbani akiwa na uma uliokatika mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa faida ya usemi huu na ni nani anayeipata. Unaonekana kama kejeli kwa taifa la mbali, kumbe ni ngao ya mfanyabiashara wa hapa hapa.

Baiskeli nyeusi nayo, ile iliyokuwa imesimama kando yake dukani siku hiyo, ilikuwa ya Mchina pia. Aliinunua jirani yangu mmoja. Hadi ninapoandika inabeba madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji, bila kumhesabu anayeisukuma.

Wapo watakaoniambia, "Mwalimu, afadhali ununue mtumba wa Mjapani." Huu ndio ushauri ninaousikia kuliko wowote, na kwa kweli baiskeli nyingi za mtumba zinazoshuka Dar es Salaam na Zanzibar kutoka Japani ni nzuri. Zina taa, zina kikapu, zina breki zinazoshika. Lakini hebu mtu aipindue moja asome kibandiko chake. Kwa miaka mingi sasa baiskeli nyingi zinazouzwa Japani hutengenezwa China. Mjapani alizinunua kwa Mchina, akazipanda miaka kadhaa, akazichoka, zikaletwa kwetu zikiwa zimechakaa, na bado tunazisifu kuwa imara kuliko mpya. Tofauti imetoka wapi? Mnunuzi wa Japani ana viwango vyake, na mwagizaji wa kule anajua kwamba baiskeli ikikatika atajibu. Mchina ni mmoja, waagizaji ni wawili. Kadhalika Raleigh yenyewe: kiwanda cha Nottingham kiliacha kutengeneza baiskeli mwaka 2002, na tangu hapo jina hilo hubandikwa juu ya kazi ya Mashariki ya Mbali. Anayesema hanunui ila ya Mwingereza anunue kibandiko, maana hicho ndicho kilichobaki.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siidharau. Husemwa kwamba maskini hana uchaguzi; mwenye shilingi chache hununua ya shilingi chache. Mimi nimekuwa maskini, sihitaji kufundishwa somo hilo. Lakini tupige hesabu ya darasa la nne. Tuseme baiskeli moja ni shilingi 180,000 na nyingine ni 300,000. Ya kwanza ikidumu mwaka mmoja, umelipa 180,000 kwa mwaka. Ya pili ikidumu miaka kumi, hata ukiongeza 20,000 kila mwaka kwa tairi na gololi, umelipa 50,000 kwa mwaka. Nani basi amenunua rahisi? Maskini ndiye hasa asiyeweza kumudu ile ya 180,000. Tajiri anaweza, ataitundika ukutani, atanunua nyingine. Na kama fedha haitoshi kabisa, ni heri kungoja mavuno mengine kuliko kununua uma utakaokatika mteremkoni. Najua kungoja ni kugumu. Mtoto kutoka nyumbani usiku wa manane ili awahi shule nako ni kugumu. Hata hivyo nasimama hapo hapo.

Sasa mtu aniulize, je, baiskeli rahisi ya Kichina inafaa kununuliwa au haifai? Jibu langu ni kwamba inafaa, ikiwa rahisi kwa sababu imeachiwa madoido, na haifai, ikiwa rahisi ingawa ina madoido. Springi nzuri ni ghali popote duniani. Gia nzuri ni ghali popote duniani. Ukiviona vyote viwili katika baiskeli ya bei ya chini kabisa, jua kwamba fedha yake imeibwa mahali pengine, na mahali hapo ni fremu, uma, habu na breki. Kwa njia zetu za vumbi na kokoto, na kwa mizigo yetu, springi ni mzaha. Baiskeli zile hubuniwa kumbeba mtu mmoja mwepesi Jumapili jioni; sisi tunazifunga gunia la mahindi.

Vipuri navyo vina utaratibu wake. Keria, kengele, walinzi wa matope, hata siti, nunua ya bei yoyote, ikivunjika utacheka. Mpira wa ndani wa bei rahisi utakuchosha kwa viraka lakini hautakuua. Bali uma wa mbele, breki, ekseli na vikombe vya gololi, hapo usibane senti. Mnyororo una kipimo ambacho kila mtoto aliyesoma hisabati angeweza kukitumia: kila pingili yake ni nusu inchi, kwa hiyo pingili 24 ni inchi 12 kamili. Ukipima kwa rula ukaona pingili hizo zimefika inchi 12 na moja ya nane, mnyororo umeisha, utoe kabla haujala meno. Mafundi wetu wengi hupima kwa macho. Nimewahi kumpa fundi mmoja rula yangu ya shule, akaitumia kukwangulia kutu.

Mpwa wangu aliyeko Ulaya aliniandikia mwaka jana. Amejiunga na vijana wanaokimbiza baiskeli za mashindano, na akaniuliza, nadhani nusu kwa utani, "Mjomba, wewe ni mtu wa baiskeli. Ninunue fremu ya kaboni moja kwa moja kutoka China, au nilipe mara kadhaa ya bei hiyo kwa jina kubwa la Ulaya?" Kwa wasioijua, kaboni ni nyuzi nyeusi nyembamba zinazofumwa kama kitambaa, zikapangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi kali. Fremu ya namna hiyo huwa na uzito wa kilo moja hivi. Baiskeli nzima huwa nyepesi hata shirikisho la mchezo huo duniani likaweka sheria kwamba katika mashindano isipungue kilo 6.8. Dumu moja la maji la binti yule lilizidi baiskeli mbili za namna hiyo.

Nilimjibu sawasawa na ninavyowajibu watu wa Kang'ata. Usiulize kama ni ya Mchina, maana yale majina makubwa nayo sehemu kubwa ya fremu zao hutengenezwa Taiwan na China. Katika Tour de France ya mwaka 2025 timu ya Astana ilishindana juu ya baiskeli za XDS, kampuni ya Shenzhen, nazo zikapanda milima ile ile na kushuka ile ile. Uliza mambo mawili tu. Kwanza, je, aliyeitengeneza ameweka jina lake mwenyewe? Fremu isiyo na umaarufu lakini yenye jina la mwenyewe ni kitu kimoja. Fremu iliyobandikwa jina la kuiba ni kitu kingine kabisa, kwa sababu aliyeficha jina lake amekwisha kuamua kwamba hatajibu. Pili, imepimwa? Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinataka fremu ikandamizwe kwa nguvu za pedali mara 100,000 bila kukatika. Mwuzaji akuonyeshe kwamba imepita. Kisha nikamwongezea jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia. Chuma kikichoka hulia. Hupinda, hutoa ufa wa kutu, na fundi mwenye gesi hukiunga. Kaboni iliyogandishwa vibaya, yenye mapovu ya hewa ndani, hukaa kimya na kung'aa mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo ikiwa ni lazima abane fedha, abane kwenye viti na vishikio vya chupa, si kwenye uma.

Alinunua fremu ya Kichina yenye jina la kiwanda na cheti chake. Uma akanunua kwa bei kubwa. Nilifurahi kuona kwamba nusu ya pili ya ushauri ndiyo iliyomwingia zaidi.

Nirudi nyumbani. Tunalo Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na tunayo Tume ya Ushindani ya kupambana na bidhaa bandia. Sheria hazikosekani. Kinachokosekana ni mnunuzi anayerudi dukani na risiti, na jirani anayemsindikiza badala ya kumcheka. Wengi wetu hatuombi risiti kwa sababu tunaogopa bei itapanda. Wengine huipata wakawashia moto. Na katika risiti nyingi hakuna jina la aliyeagiza mzigo, wala aina ya baiskeli. Imeandikwa "baiskeli 1" basi. Mimi nisingemwachia muuzaji aondoke kwa maneno mawili hayo. Aandike jina la baiskeli, namba iliyopigwa muhuri kwenye fremu, jina la mwagizaji na tarehe. Akikataa, amekwisha kukuambia anachokijua kuhusu baiskeli yake, na miguu ya kwenda duka la pili bado unayo.

Wafanyabiashara watasema ninawaharibia. La hasha. Yule mwenye baiskeli nyeusi nzito, ambayo inakaa dukani ikifunikwa na vumbi huku za waridi zikinunuliwa, ndiye ninayemtengenezea soko. Nimewaambia wazazi wa hapa kwamba anayekwenda Handeni mjini au Korogwe kumnunulia mtoto baiskeli apite kwangu kwanza, nikiwa na nguvu nitafuatana naye. Mwaka huu nimekwenda mara nne. Mara ya nne tulipoingia, muuzaji aliniona, akaondoka kaunta, akaenda mwenyewe nyuma kuitoa ile nyeusi.